Neno Ambalo Mkuu wa Komini Hakulisema

Juzi mlikuja wawili, mkakaa hapa barazani, mkamaliza karanga zangu zote, ndipo mkalitoa lile lililowaleta. Rafiki yenu yumo tayari katika baraza la komini, la sehemu hii ya mji, anaomba kura tena, nanyi mnamzungushia kampeni. Mkaniuliza: "Mama Protokoli, muntu mwenye iko ndani tayari, si kura ni yake?" Nikawaambia mrudi kesho, jibu lake ni refu na mgongo siku hiyo ulikuwa hauniachi. Hamkurudi. Vijana wa siku hizi mkinyimwa jibu fupi mnadhani hakuna jibu. Basi nimekaa nimeliandika. Someni, na mkija tena karanga mje nazo wenyewe.

Jibu ni ndiyo. Mtu aliyemo ndani ana mengi mkononi ambayo mgombea wa nje hana, na mengi kati ya hayo niliyapanga mimi kwa mikono yangu. Lakini nilimfanyia kazi mkuu mmoja ambaye cheo kilimfunga mdomo siku aliyopaswa kuufungua. Tangu hapo siwezi kuwaambia watu ndiyo nikaishia hapo.

Kazi yangu ilikuwa protokoli katika komini moja hapa Kolwezi, tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponikataza. Wengi walidhani ni kazi ya kuvaa vizuri na kutabasamu. Protokoli ndiye anayejua nani akae wapi, nani aingie kabla ya nani, wakubwa gani wana ugomvi wasiwekwe meza moja, na mke wa mgeni anaitwa nani, yule wa sasa, siyo yule wa zamani. Hilo la mke nililikosea mara moja. Nilimkaribisha mama mmoja kwenye kipaza sauti kwa jina la mwenzake aliyeachwa. Mgeni wetu akala kuku wake wote bila kuinua macho. Mama yule hakunisalimu tena mpaka na yeye alipoachwa.

Aliyenifundisha ni Tata Kasongo, mzee mfupi wa koti la bluu, aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za Wabelgiji. Shule yake ilikuwa ya mdomo. Kabla hujapanga viti, alisema, fikiri jua litakuwa wapi saa ya hotuba, siyo saa ya kupanga, maana mkubwa akikunja uso kwa jua watu watasema amekasirika. Wakija watu wachache, usiwaache watawanyike: funga kamba karibu, uwanja uwe mdogo, umati utakuwa mkubwa. Mkubwa asile hadharani kabla ya kuhutubia, kwa sababu mwenye njaa hamsikilizi mtu mwenye mafuta mdomoni. Na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la glasi ya maji.

"Mwanangu," alisema, "ukiona chef, mukubwa yako, anaanza kupotea mu maneno, anataka kuahidi umeme ku mutaa yenye haiko hata na nguzo moja, umupelekee maji. Atakunywa. Akikunywa atakumbuka."

"Na kama hakumbuke?"

"Unamupelekea ingine. Hakuna muntu anaweza kusema na kukunywa pamoja."

Nilizipeleka glasi nyingi katika maisha yangu. Kuna wakuu niliowaokoa kwa maji zaidi kuliko mapadri walivyowaokoa kwa maombi.

Mkuu ninayetaka kuwasimulia aliitwa Muteba. Alikuja Kolwezi kutoka Sandoa, kwa Walunda, akiwa kijana mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi, na sanduku la mbao kichwani. Alipanga chumba kwenye parsela, yaani kiwanja, ya mama mjane wa asili ya Kasai, ambaye mtaa mzima tulimwita Kaku, yaani bibi, hata kabla hajaanza kuzeeka. Kaku alikuwa na mwana mmoja, Kabeya, fundi wa yale magari makubwa ya kubeba mawe kule kwenye mgodi wa Mashamba. Baba yake Kabeya ndiye aliyeletwa na kampuni ya migodi ya shaba kutoka Kasai. Kabeya mwenyewe alizaliwa hapahapa. Kasai alikwenda mara moja tu, kwenye kilio, akarudi akilalamika juu ya vumbi la kule, kana kwamba sisi Kolwezi tunapumua manukato.

Mshahara wa mwalimu haukuwa unafika mwisho wa mwezi, kwa hiyo Muteba alikula kwa Kaku. Kaku alimpakulia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kama alivyompakulia Kabeya, na kama nyama ilikuwa moja aliigawa. Walitaniana sana. Muteba alisema Waluba, kabila la Kaku, wanatia chumvi nyingi ili mgeni asiombe nyongeza. Kaku akajibu, "Na ninyi Balunda munakulaka kimya, munaogopa bengine batasikia na kuya." Wale vijana wawili walikua wakiitana ndugu, na hakuna aliyeona ni jambo la kushangaza.

Muteba alipoutaka ukuu wa komini, Kabeya ndiye aliyemtembeza karakana kwa karakana. Enzi hizo chama kilikuwa kimoja, lakini watu wa chama hichohicho waliweza kushindania nafasi. Wafanyakazi wa asili ya Kasai walikuwa wengi katika mitaa yetu, na karibu wote walimpa Muteba kura zao kwa sababu Kabeya alisema huyu ni mtoto wa mama yangu. Wengine nao walimpa kwa sababu alikuwa mtu mwema. Shikeni hilo vizuri: alikuwa mwema. Ingekuwa habari ya mtu mbaya nisingepoteza wino wangu.

Mara ya pili alipogombea alikuwa tayari yumo ndani, na hapo ndipo rafiki yenu atakapofurahi. Katapila la kusawazisha barabara, ambalo kuku walikuwa wametagia ndani, lilifufuka likapita kila mtaa likinguruma. Mabomba yaliyokauka yakatapika maji. Mtoto akizaliwa, mkuu anapeleka sabuni. Mtu akifa, mkuu anatoa gari la komini libebe maiti, na hakuna mgombea wa nje anayeweza kushindana na gari la maiti. Mpinzani wake, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alizunguka kwa baiskeli. Tena kipaza sauti kilikuwa kimoja tu komini nzima, nacho kilikaa ofisini kwetu. Yule bwana akaja kukiazima kwa adabu, kofia mkononi. Tata Kasongo akampa bila ubishi, akamfutia na vumbi, akamtakia heri. Betri akabaki nazo mfukoni. Yule bwana alisimama sokoni akipayuka ndani ya bati, wauza mihogo wakashikilia mbavu zao. Jioni akakirudisha, akasema, "Tata Kasongo, hii kintu inasikia maneno yenu tu."

Tulicheka juma zima. Muteba alishinda kwa kura nyingi, na tukajiambia kwamba sasa hakuna wa kumtikisa.

Shida ya cheo haiji siku ya kura. Ukiwa nacho, kila kinachoharibika ni chako. Kampuni ilipoanza kuanguka, magari ya Mashamba yakasimama moja baada ya jingine kwa kukosa vipuri, mishahara ikapotea, hospitali ikabaki na vitanda na wauguzi bila dawa. Wake za wafanyakazi hawakwenda kwa wakurugenzi wa kampuni, waliokuwa na ukuta na mbwa. Walikuja kwetu na sufuria tupu, wakazigonga mbele ya mlango mpaka masikio yakauma. Muteba hakuwa na hata kipande kimoja cha shaba, lakini mlango wake ndio uliokuwa wazi. "Mama Protokoli," aliniambia siku hiyo, "hata mvua ikikataa kunyesha, ni mi."

Na kuna jambo baya kupita hilo. Mwenye cheo haambiwi ukweli. Kila asubuhi waliingia ofisini watu wenye maneno matamu, wakasema mji umetulia, chef, watu wanakupenda. Kabeya peke yake ndiye aliyekuwa akimwambia mambo yalivyo. "Batu banakusifu mbele, banakutukana nyuma," alimwambia mbele yangu. "Na mi nasikia ile ya nyuma iko na akili kupita ile ya mbele." Muteba alicheka akamwagizia kinywaji. Bado aliweza kucheka.

Halafu wakubwa wa jimbo wakaanza kusema kwamba njaa yetu ina wenyewe. Walisema kazi zimekwisha kwa sababu wageni wamezijaza, na wageni hao ni watu wa asili ya Kasai. Wakaanza kuwaita bilulu, wadudu. Mtu mliyebatizwa naye, mkaimba kwaya moja, mkabebeana watoto, leo ni mdudu. Vijana wa chama chao, vitambaa vyekundu kichwani, wakapita mitaani wakiweka alama za chaki milangoni mwa watu wa Kasai. Na watu wetu, wengi wao Wakristo wa kila Jumapili, wakatazama alama hizo na kufikiri nani atapata nyumba ipi. Inaniuma kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wenye macho waliondoka mapema. Wakati huo treni ya kwenda Kasai ilikuwa bado na mabehewa ya abiria. Watu walipanda na cherehani zao, vitanda, mabati ya nyumba, wengine hata milango. Asubuhi moja Kabeya akaja ofisini, bado na ovaroli ya kazi ingawa kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa ndani napanga mapazia.

"Muteba, niambie kweli. Nifunge bitu, ao nibakie?"

Muteba aliinuka nyuma ya meza, akaja kumshika mabega.

"Kabeya, hapana kufunga kintu. Nani atakugusa weye, na mi niko mu hii bureau? Na mama ataenda wapi na ile magoti yake?"

"Nataka nisikie mu kinywa yako."

"Mi niko, ndugu. Rudia ku nyumba, ulale."

Hakuwa akidanganya. Aliamini. Mtu akikaa ofisini miaka mingi, anaanza kufikiri nguvu ya ofisi ni ya mwili wake. Kabeya alirudi nyumbani akafungua mizigo ambayo Kaku alikuwa ameshaifunga. Na majirani zake walipoona Kabeya hafungi, wakafungua yao nao. Kama ndugu ya mkuu anabaki, walisema, basi hakuna neno. Treni za abiria zikaenda bila wao. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu vyeo: unampa rafiki yako neno moja ofisini, na watu ambao hujawahi kuwaona wanalala juu yake.

Baada ya hapo ikaja amri ya kuandaa mkutano, kwa kuwa mkubwa mmoja wa jimbo angetutembelea. Tata Kasongo alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo niliandaa peke yangu. Nilipanga viti, nikatazama jua, nikatandika meza vitambaa vyeupe. Kamba sikuihitaji, watu walijaa mpaka barabarani. Asubuhi hiyo, nikimnyooshea Muteba kola ya koti, aliniambia kwa sauti ndogo, "Leo nitasema neno. Nitabaambia hapa kwetu hakuna mugeni." Nilifurahi na kuogopa pamoja. Nikamwambia, "Sema, chef. Watu wengi wanangoja mtu mmoja aseme." Na ilikuwa kweli. Watu wengi hawakupenda mambo yale, lakini kila mmoja alikuwa akisubiri mtu mkubwa kuliko yeye aanze.

Mgeni alihutubia kwanza. Maneno yake sitayaandika, hayastahili karatasi. Umati ulinguruma. Kisha ikafika zamu ya mwenyeji kushukuru, nikamtangaza Muteba, akasimama. Hapo nikamwona Kabeya. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa posta, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Siku ile hakuna mtu wa Kasai aliyetoka nyumbani kwake, lakini yeye alikuja kumsikiliza ndugu yake.

"Bandugu," Muteba akaanza, "mi nilifika mu hii muji na sanduku moja. Kuko nyumba moja ilinipokea. Ilinipatia chumba, ilinipatia bukari..."

Uwanja ukatulia. Nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Mgeni wa jimbo akageuza shingo polepole, akamtazama. Hakufanya kingine, alimtazama tu. Na Muteba akanyamaza, akanyoosha mkono pembeni, akaomba maji.

Sikuwa nimemletea maji. Hakuwa amepotea katika maneno; katika miaka yote niliyomwandalia jukwaa, hiyo ndiyo siku niliyomsikia akienda sawasawa. Nilibaki nimesimama. Msaidizi wa mgeni ndiye aliyeinuka haraka, akampa glasi iliyokuwa mbele ya mgeni mwenyewe. Muteba akanywa, akaimaliza yote, akaishusha taratibu.

"Namushukuru mugeni wetu," akasema. "Muishi mu amani."

Akakaa. Watu wakapiga makofi. Nilipotazama kule ukutani, Kabeya alikuwa ameshaondoka.

Tulirudi ofisini katika gari moja. Muteba alikuwa akitazama nje. Tulipofika karibu na komini akasema bila kuulizwa, "Ningesema, kesho bangenitosha, bangenifukuza ku kazi. Na mi nikitoka, nani atabasaidia?"

Maneno hayo yana sura ya busara, na siku hiyo niliyaamini. Nimekuja kuyaelewa uzeeni. Mtu anabaki kwenye cheo ili asaidie watu, halafu anaacha kuwasaidia watu ili abaki kwenye cheo, na hajui ni siku gani alivuka kutoka upande huu kwenda upande ule. Muteba alivuka na glasi mkononi, mbele ya macho yangu, na nina uhakika mwenyewe alijua.

Juma lile wale vijana wa vitambaa wakaingia kwa Kabeya, mchana kweupe. Walikuwa wamemwogopa kwa sababu ya mkuu. Walipoona mkuu amekaa kimya, wakajua hakuna tena cha kuogopa. Walitoa vitu nje, wakagawana, askari wakitazama kama watu walio kwenye mpira. Kabeya alimtoa mama yake akiwa amemshika mkono, wakapelekwa stesheni pamoja na wale majirani wote waliokuwa wamefungua mizigo yao.

Muteba aliposikia alikuja juu. Alipiga simu, alifoka, aligonga meza. Akatumia cheo chake chote. Na cheo chote kikampatia askari wawili wa kulinda kona moja ya stesheni, turubai la kujikinga na mvua, na ahadi ya nafasi ndani ya behewa la mizigo, pale treni itakapopatikana. Mabehewa ya abiria hayakuwepo tena. Watu walilala kwenye saruji juma baada ya juma, bomba la maji lilikuwa moja kwa umati ule, na watoto wakaanza kuhara. Ndivyo ilivyokuwa faida ya kunyamaza, vijana wangu: turubai.

Mwenyewe hakwenda. Alinituma mimi na blanketi na chungu cha chakula. Kaku alikuwa ameegemea ukuta, miguu imevimba, kitenge kimefunika kichwa. Alinishukuru kwanza, kama kawaida yake, kisha akauliza.

"Na mutoto yangu Muteba? Iko mugonjwa?"

"Hapana, Kaku. Iko na kazi mingi."

"Aa," akasema. "Kazi."

Kabeya alikuwa amekaa karibu, lakini hata kichwa hakuinua.

Halafu, wao wakiwa bado wanangoja pale stesheni, redio ikatangaza mkuu mpya wa komini. Muteba ameondolewa. Watu walieleza kwamba wakubwa walimwona vuguvugu. Hawakusahau lile sanduku na ile nyumba iliyompa bukari. Yaani nusu ya neno ilimponza sawasawa na ambavyo neno zima lingemponza, lakini nusu hiyo haikumsaidia mtu yeyote. Ndilo jambo linaloniumiza kuliko yote. Kama angejua kwamba cheo kingekwenda vilevile, angelisema lote, na baadhi ya wale waliokuwa wakimsubiri mtu wa kuanza wangesimama. Sisemi wangeshinda. Nasema Kabeya asingeondoka pale ukutani peke yake.

Kwa hiyo mwambieni rafiki yenu hivi. Faida za kuwa ndani atazipata, na asione haya: katapila litapita, bomba litatoa maji, kipaza sauti kitakuwa na betri. Lakini akae akijua kwamba cheo atanyang'anywa siku moja, na mara nyingi bila onyo. Kama ana neno ambalo cheo pekee ndicho kinachoweza kulifanya lisikike, asiliweke akiba. Majuto ni mjukuu. Mimi nimemlea mjukuu huyo na wala si wangu.

Asubuhi ya baada ya lile tangazo nilikuwa stesheni, namsugua Kaku miguu, nikaona mtu anakuja kwa miguu toka barabarani, bila tai, viatu vimejaa vumbi. Sikumtambua mara moja. Nilikuwa nimezoea kumwona akitoka garini.

Kabeya alimtazama mpaka alipofika.

"Balikutosha ku kazi?"

"Balinitosha."

"Ndipo ukakuya kwetu," Kabeya akasema.

Muteba akapanda juu ya sanduku la mtu, kwenye saruji ile, katikati ya vitanda na masufuria na watoto waliolala, akaanza kusema. Alisema kwa sauti kubwa, bila kipaza sauti. Alisema hakuna mgeni Kolwezi. Alisema mji huu umejengwa na baba zao, reli hii, karakana hizi, kanisa hili. Alisema kinachofanyika ni dhambi na waliokiamrisha wanajua. Alisema Kaku ni mama yake, na kwamba mtu anayemfukuza Kaku anamfukuza na yeye. Wale askari wawili walimtazama wakaendelea kuvuta sigara. Hakuwa tena mtu wa kuripotiwa. Nimesikia hotuba nyingi kwa ajili ya kazi yangu, lakini sijasikia nyingine kama ile.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wamechoka. Kaku akanyoosha mkono, akamvuta kwa suruali ashuke.

"Ee mwana," akamwambia taratibu, bila hasira yoyote, "umesema bizuri. Lakini sasa tuko weye na siye tu."

Muteba akaketi chini pembeni yake. Alilia, na Kaku akaacha alie.

Treni ikaja baadaye, mabehewa ya chuma ya kubebea madini, ya juu mno kwa mama mwenye magoti mabovu. Muteba alimbeba Kaku mgongoni mpaka ndani, akamlaza juu ya blanketi, akashuka. Kabeya alimpa mkono kabla mlango haujafungwa. Treni ikaondoka, naye akabaki amesimama pale mpaka nikamwambia, "Chef, twende," akasema nisimwite hivyo tena.

Alikaa bila kazi hadi alipoamua kurudi Sandoa kulima mihogo. Siku ya kuondoka alipita kwangu kuniaga. Nilikuwa nimeshapata habari kutoka kwa mfanyakazi mmoja wa reli, sikujua nimwambieje, nikamwambia hivyohivyo: Kaku hakufika. Alifia ndani ya behewa kabla ya Mwene-Ditu, mji wa kuingilia Kasai, na treni iliposimama porini Kabeya na wenzake wakamzika kando ya reli, haraka, kwa sababu dereva alikuwa akipiga honi.

Muteba akakiweka chini kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Na kulikuwa muntu wa kusema neno ku kaburi?" akaniuliza.

Nilimwambia sijui.